Kila usiku nachora mlango wa wodi, uso wa mke wangu hautoki

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Kondele, Kisumu.

Mimi ni fundi wa mabango. Ukipita upande wa Kondele na Kibuye, vile vichwa vilivyochorwa kwenye kuta za vinyozi, samaki na ugali kwenye hoteli ndogondogo, majina ya maduka, mengi yamepita mikononi mwangu. Kazi imepungua tangu mabango ya kuchapishwa kwa mashine yaingie, lakini bado inatulisha. Nina miaka 41. Nyumbani kwetu ni Shinyalu, Kakamega.

Mke wangu alifariki mwaka jana mwezi wa Agosti. Aliugua kwa muda mfupi tu. Siku ya mwisho nilitoka kwenda kumlipia dawa, na niliporudi nikakuta mlango wa wodi umefungwa. Mlinzi akasema saa za kuona wagonjwa zimepita. Nikamsihi, nikachoka, nikasimama. Nilipokuja kufunguliwa, mke wangu alikuwa ameshafunikwa shuka.

Tulimzika Shinyalu. Siku chache baadaye nikarudi mjini kwa sababu watoto walikuwa na shule na nilikuwa nimeshakula malipo ya awali ya kazi ya watu. Sikulia kaburini, na hadi leo sijalia.

Kuanzia Novemba hivi, watoto wakilala, nachukua vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini na mabaki ya rangi, nachora. Kila mara ni kitu kimoja: mlango wa kijani wenye kioo kidogo kwa juu. Siku hizi kuna picha nyingine imeingia benchi pembeni, nyingine miguu inaonekana chini ya mlango. Nimejaribu kuchora uso wake, Shangazi. Mimi ninayechora nyuso za watu nisiowajua, wake hautoki. Nikifika machoni mkono unakataa. Nikimaliza kuchora huwa najisikia vibaya kuliko nilivyoanza, lakini usingizi unakuja. Nisipochora silali.

Kaka yangu mkubwa alipotutembelea Pasaka alizikuta mbao hizo chini ya kitanda. Akasema ninamsumbua marehemu, nizichome. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia hiyo ni dalili ya kukataa mapenzi ya Mungu. Rafiki yangu fundi wa jua kali naye anasema nizipeleke kwenye hoteli za ziwani, wageni watanunua.

Msichana wetu ana miaka 9, yuko Gredi ya Nne. Ameanza kuchora kwa chaki nyuma ya mlango wa nyumba: mtu mrefu asiye na mikono. Nilifuta, akachora tena. Mdogo wake ana miaka 5, bado anauliza mama atarudi lini. Huwa tunamwambia amesafiri.

Siku nyingine naona afadhali ningetangulia mimi, watoto wakabaki na mama yao. Je, nimeanza kurukwa na akili? Nizichome hizi mbao? Na huyu msichana nimwache achore au nimkataze?

Fundi, Kondele

*

Fundi, pole sana. Pole kwa kufiwa na mke, na pole kwa kuwekwa nje wakati ulipotakiwa kuwa ndani.

Naanza na ile sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho, kwamba afadhali ungetangulia wewe. Waliofiwa wengi husema hivyo kwa uchovu na kwa mapenzi, na hawana mpango wowote. Wengine wanao. Mimi niko mbali, sikuoni macho, kwa hiyo nakuuliza wazi: unafikiria kujiua? Kumuuliza mtu swali hili hakumtii wazo kichwani. Kama jibu ni ndiyo, hata kwa mbali, weka barua hii chini sasa hivi, mwite mtu mzima unayemwamini aje mkae pamoja, na upige 1199. Ni simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya na hailipishwi. Wala usizuiwe na hofu ya polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Sasa mbao zako. Usizichome, na akili zako hazijaruka.

Jambo linalompata mtu ghafla, akiwa hana nafasi ya kusema wala kutenda, hubaki ndani yake vipandevipande. Kwako limebaki mlango, rangi ya kijani, kioo kidogo. Limekosa mwanzo na mwisho, ndiyo maana linarudi usiku. Unapolichora unalitoa nje na kuliweka mbele yako, na safari hii mwenye brashi ni wewe. Pale wodini mlango ulikuwa wa mlinzi. Kwenye plaiwudi ni wewe unayeamua ukubwa wake, mwanga unatoka wapi, na kama umefungwa au uko wazi. Sikuambii uuchore ukiwa wazi. Siku yake ikifika utauchora hivyo bila kuambiwa na mtu.

Nimefurahi sana kusoma kwamba benchi limeingia, na kwamba miguu imeanza kuonekana. Picha zako zinatembea. Fanya hivi siku moja ya mchana, watoto wakiwa shuleni: zitoe zote uvunguni, uzipange ukutani kwa mfuatano, ile ya Novemba mwanzo na ya juzi mwisho. Tazama kinachobadilika. Ukiona kitu kinaongezeka, kinapungua, kinasogea, endelea. Ukiona miezi inapita na mlango ni uleule, kwa ukubwa uleule, na wewe unazidi kukonda na kukosa usingizi, hapo picha peke yake imefika mwisho wa uwezo wake na unahitaji mtu wa kukaa nawe mbele yake.

Kuhusu uso, nataka nikusimulie habari ya mama mmoja wa Ujerumani, mchoraji na mchongaji, Käthe Kollwitz. Mwanawe mdogo, Peter, alijiandikisha jeshini akiwa na miaka 18. Baba alikuwa anakataa, na mama ndiye aliyembembeleza baba akubali. Oktoba 1914 kijana akauawa vitani Ubelgiji. Unaweza kufikiria mama huyo alibeba nini. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameshaanza kupanga sanamu ya kumkumbuka: kijana amelala, baba kichwani pake, mama miguuni. Alihangaika nayo miaka, na mwaka 1919 akaiacha. Mtu aliyekuwa anaishi kwa mikono yake, anayesifiwa nchi nzima, alishindwa kumtengeneza mtoto wake mwenyewe. Alipoirudia kazi hiyo miaka ya 1920, kijana hakuwemo tena. Walibaki baba na mama tu, wamepiga magoti, kila mmoja juu ya jiwe lake, baba amejikumbatia na mama ameinama. Sanamu hizo zilisimamishwa mwaka 1932 katika makaburi ya askari kule Ubelgiji, karibu miaka 18 baada ya msiba.

Kwa hiyo mkono wako unapokataa machoni, usiulazimishe. Huenda uso wa mkeo ukatoka baada ya miaka, huenda usitoke kamwe na kazi bado ikawa yake. Anza na vinavyokubali kutoka. Mikono yake ilikuwaje ikikunja chapati? Leso yake ya kanisani ilikuwa na maua gani? Viatu vyake vilikaa upande gani wa mlango wa nyumba yenu? Nakuomba hivi kwa sababu moja: sasa hivi mlango wa wodi umeimeza miaka yote mliyoishi pamoja. Mke wako alikuwa mtu kabla ya kuwa mgonjwa, na wewe ndiye unayemjua hivyo kuliko wote.

Umesema ukimaliza kuchora unajisikia vibaya zaidi, kisha unalala. Hilo lisikutishe. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliandika dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Kundi moja liliandika mambo mepesi yasiyo na maana, mengine yaliandika juu ya jambo zito kabisa lililowahi kuwapata: wengine kisa tu, wengine hisia tu, wengine vyote viwili. Walioandika mazito pamoja na hisia zao walitoka chumbani wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Lakini miezi iliyofuata, waliokuwa wameeleza kisa pamoja na walivyohisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Wao hawakuwa wafiwa kama wewe, na sitaki ulichukue jaribio hilo kama dawa ya msiba. Ninalolipenda ni kwamba kusimulia kisa peke yake hakukutosha, na kumwaga hisia bila kisa hakukutosha. Vilipokutana ndipo kitu kilipobadilika.

Na wewe, fundi, herufi ndiyo kazi yako. Umewaandikia watu wa Kondele majina ya maduka yao, bei za nywele, Yesu ni Bwana, hakuna mikopo. Geuza kila ubao, na kwa penseli uandike nyuma: siku uliyoichora, kilichotokea pale mlangoni, na ulichohisi. Mistari mitatu inatosha. Kama ulimkasirikia mlinzi, andika. Kama ulijikasirikia kwa kutoka kwenda kulipa dawa, andika hilo pia, kwa sababu nahisi ndilo linalokuuma kuliko yote na hukulitaja. Ulitoka kwa ajili yake, mwanangu. Kumtafutia mgonjwa dawa ni kumtunza.

Kaka yako usigombane naye. Anaogopa kukupoteza wewe baada ya kumpoteza shemeji yake, na ameeleza hofu hiyo kwa lugha ya nyumbani. Mwulize kwa upole: picha ya marehemu si ilikuwa mbele ya jeneza? Si iko kwenye kijitabu cha mazishi kilichogawiwa watu wote, na bila shaka ipo ukutani sebuleni kwa mama? Hakuna aliyesema tunamwita. Kisha mkumbushe ngoma ya isukuti. Ninyi mmetoka Isukha, kwa hiyo nakuambia mnachokijua kuliko mimi: ngoma kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, njuga za chuma, na watu wanacheza arusini, mtoto akizaliwa, na msibani vilevile. Mwaka 2014 UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Jirani zako Waluo nao humwita mpiga nyatiti, ile ala yao ya nyuzi, matangani amwimbie marehemu, ataje ukoo wake na mema yake, hadi usiku ukatike. Wazee wa pande zote mbili walijua kwamba kifo kikiingia nyumbani mwili hutaka kazi ya kufanya. Walipiga, waliimba, walicheza, walinyoa nywele, na walifanya hivyo kwa siku kadhaa huku wakizungukwa na watu.

Wewe ulipata siku chache, kisha matatu ikakurudisha Kisumu kwenye kazi ya watu. Ninavyoona mimi, unamalizia matanga yako usiku, peke yako, kwa chombo ulichonacho. Ubaya upo kwenye hilo neno peke yako. Kaka akija tena, mwonyeshe ubao mmoja badala ya kuuficha. Mwambie, hapa ndipo niliposimama. Huenda yeye pia hajawahi kusikia kilichotokea siku ile.

Mzee wa kanisa namheshimu, lakini kwa hili sikubaliani naye. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu mchana na usiku, na hakuna aliyezitoa kwenye Biblia.

Kuna jambo jingine ambalo kama mama linaniogopesha kuliko mapepo. Nadhani unatumia rangi ya mafuta na thina usiku, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, watoto wamelala chumba hichohicho au cha pili. Mvuke wa thina huumiza kichwa na mapafu, na rangi nyingine za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Zaidi ya hayo, thina hushika moto upesi, na sijui kama mnapikia jiko la makaa. Makopo yote yatoke ndani ya nyumba leo. Usiku tumia rangi ya maji, chaki, penseli, au kipande cha makaa juu ya katoni za dukani. Makaa yana weusi mzuri kwa mlango uliofungwa. Ukitaka mafuta, iwe mchana, nje.

Sasa binti yako. Usimkataze, na ule ukuta usiufute tena. Waswahili husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Ndani ya nyumba hiyo wewe ndiye wa kuanza, na ameshakuona umeanza. Usidhani hajui unachofanya usiku. Mtoto wa miaka 9 anasikia brashi.

Mnunulie daftari lisilo na mistari na kreyoni, ama umkatie karatasi za manila. Mwachie nyuma ya mlango iwe sehemu yake. Akichora, usimwulize hiki ni nini, wala mbona hana mikono, wala usimsahihishe eti wewe ni fundi. Keti karibu naye umwambie, nisimulie kuhusu picha yako. Akisema, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza naye. Mtu asiye na mikono anaweza kuwa mama, anaweza kuwa wewe usiyemkumbatia tangu Agosti, anaweza kuwa mtu tu ambaye mikono yake ilimshinda kuchora. Mimi siwezi kujua, na wewe usijifanye unajua. Na umkumbatie, lolote liwe jibu.

Usishangae akilia dakika kumi halafu akatoka kuruka kamba. Watoto huomboleza kwa vipande, hawajasahau. Mwambie pia, hata kama hajauliza, kwamba mama hakuugua kwa sababu ya kosa la mtu yeyote nyumbani. Watoto wengi hubeba fikra hiyo kimya: siku ile nilimjibu mama vibaya. Akikuuliza kwa nini baba huchora mlango, mjibu ukweli kwa maneno machache. Mlango ulikuwa umefungwa, nami nilitaka kuwa ndani na mama yenu.

Yule wa miaka 5 acheni kumwambia mama amesafiri. Msafiri hurudi, ndiyo maana anauliza kila siku, na kila siku anaachwa upya. Mwambie mama alikufa, mwili wake haupumui tena, hausikii baridi wala maumivu, na yuko kaburini Shinyalu mahali mtakapokwenda pamoja. Atauliza tena kesho. Mjibu vilevile. Ya mbinguni mwambie kama ndiyo imani yenu, lakini yafuate baada ya neno alikufa, yasichukue nafasi yake.

Pamoja na picha, tafuta mtu aliyesomea kusikiliza. Miezi ni mingi tangu Agosti, bila chozi, bila usingizi usipochora, na una mawazo ya kutangulia. Hayo yanatosha kwenda kuonwa. Pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile mnayoiita Russia, ulizia huduma za afya ya akili. Chukua mbao mbili tatu uende nazo, zitasema yale ambayo mdomo wako utashindwa kuyaanza. Kama mlango wa hospitali wowote ule bado unakukaba koo, anza na 1199, kisha umwombe rafiki yako wa jua kali akusindikize. Ukianza kunywa ili ulale, au watoto wakikosa kula kwa sababu umeshindwa kuamka, usingoje wiki iishe.

Rafiki huyo mshukuru, lakini mbao hizi usiziuze kwa sasa. Mteja akiingia utaanza kuchora mlango anaoupenda yeye, umwongezee ziwa na machweo, na wewe utabaki bila pa kwenda usiku. Pesa itoke kwenye vinyozi na hoteli kama kawaida. Siku utakayotaka mwenyewe kuzitoa watu wazione, waite watoto kwanza wachague zao, halafu ndipo mzungumze bei.

Niandikie ukishakwenda Russia, hata kwa mistari miwili.

Shangazi